Tajiri anataka jina langu, mtayarishaji anataka sura yangu: niache kuigiza nishike duka?

*"Shikamoo. Mimi ni mwigizaji, nina miaka 34, nipo Bongo Movie tangu enzi za DVD. Mwaka jana nilifungua duka la nguo za kike na pochi Sinza. Mwezi wa kwanza niliuza kama milioni 9, watu walijaa mpaka nje. Huu ni mwezi wa nane, nauza milioni 3 na laki 2 hivi. Gauni nalichukua Kariakoo kwa wastani wa 25,000, nauza 40,000. Fremu ni laki 3 na nusu kwa mwezi, dada wa dukani namlipa laki 3, na mambo madogomadogo kama laki moja. Sasa kuna tajiri amekuja na wazo: tufungue kampuni, yeye atoe milioni 30, mimi nitoe jina, tugawane nusu kwa nusu, tutoe lotion na pafyumu zenye jina langu. Sharti lake niache kuigiza kabisa ili nishughulike na biashara. Wakati huohuo nimeitwa kwenye tamthilia mpya, siku nne kwa wiki lokesheni. Mama anasema nishike kimoja. Wenzangu wanasema nikiacha kuigiza jina litakufa na duka litakufa nalo. Mtandaoni tayari wameanza kuandika nimefulia. Nifanye nini?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kama uache kuigiza, lakini nikisoma ujumbe wako naona kinachokunyima usingizi ni kile kitendo cha mauzo kushuka kutoka milioni 9 hadi 3. Umeshajiambia kwamba jina limechuja, kwa hiyo unatafuta pa kukimbilia: kwa tajiri au kwenye tamthilia. Tuanzie hapo, maana ukiielewa hiyo hesabu, huo mkataba wa tajiri utausoma kwa macho mengine.

Mauzo ya mwezi wa kwanza hayakuwa mauzo ya duka. Yalikuwa mauzo ya tukio. Watu walikuja kukuona, kupiga picha na wewe, kukuunga mkono, na wengi wakanunua kitu kwa sababu ni aibu kutoka mikono mitupu mbele ya staa. Mtu wa namna hiyo hununua mara moja. Anayekulisha ni yule anayerudi mwezi wa tatu kwa sababu gauni lilimkaa, halikuchuja rangi, na dada wa dukani alikumbuka saizi yake. Maduka mengi yanayofunguliwa na watu maarufu hupanda hivyo kisha hushuka, na duka la kawaida la jirani yako huenda lilianza na laki 8 likapanda taratibu. Ninyi wawili mnaweza kukutana kwenye milioni 3, yeye akafurahi na wewe ukalia.

Kuna jambo jingine ambalo mastaa wengi hawaambiwi. Jina lako linafukuza wateja pia. Mwanamke anayetoka kazini Sinza na elfu 35 mkononi akiona picha yako kubwa mlangoni anajisemea, "Hapa pa staa, bei si yangu," anapita. Wala hakuingia kuuliza. Bandika bei kwenye nguo, na baadhi zionekane kutoka nje. Ni dawa ndogo ila inafanya kazi.

Sasa hesabu. Kila gauni linakuachia 15,000. Gharama za mwezi ni laki 7 na nusu, kwa hiyo magauni 50 ya kwanza ya kila mwezi yanalipa fremu, dada na umeme, wewe hujapata kitu. Milioni 3.2 ni magauni 80. Yale 30 ya juu ndiyo yako: 450,000, kabla ya kodi. Duka lako halijafa, linajilipa. Tatizo ni kwamba halijakulipa wewe, na nina wasiwasi kuwa tangu mwezi wa kwanza umekuwa ukichukua pesa kwenye droo kana kwamba bado ni milioni 9. Ndiyo maana mtu anauza kila siku na bado hana hela ya kufuata mzigo mpya. Ukitaka duka likupe milioni moja na nusu kwa mwezi, unahitaji kuuza magauni 150, kama matano kwa siku. Leo unauza mawili au matatu. Pengo lako halisi ni hilo: magauni mawili zaidi kwa siku. Linatisha kidogo kuliko neno "jina limekufa", sivyo?

Pa kutafuta hayo mawili napajua bila kufika. Kwanza fungua daftari, au hata kwenye simu, na kila anayenunua aandikwe kama ni mgeni au anarudi. Baada ya mwezi mmoja utajua kama una wateja au una mashabiki. Pili, daftari la madeni. Sijasikia ukilitaja, nami sijawahi kuona duka la msanii lisilo nalo. Wasanii wenzako wanachukua nguo za kwendea shughuli, "nitakutumia kwenye simu jioni," na wewe unaona haya kudai. Gauni moja la 25,000 lililopotea kwa mkopo linakula faida ya karibu magauni mawili uliyouza taslimu. Wenzako watakununia wiki mbili tatu, itapita.

Tatu, pochi. Hukusema ni za aina gani, lakini kama ni zile zenye nembo za kampuni kubwa za Ulaya zinazouzwa elfu 45, ziondoe. Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na wakija kwako habari haitakuwa ya duka la Sinza. Itakuwa ya jina lako.

Tuje kwenye hofu ya wenzako, kwamba ukiacha kuigiza jina linakufa. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na mpaka leo huhitaji kumweleza mtu yeyote Dar es Salaam alikuwa nani. Jina haliondoki kirahisi hivyo. Kilichokufa ni namna lilivyokuwa linaingiza pesa. Wewe umeanza enzi za DVD, unakumbuka: msambazaji ananunua filamu kwa mkupuo pamoja na haki zake, mwigizaji analipwa mara moja, basi. Filamu ikirudiwa miaka kumi, yeye anaona sura yake tu. Kisha zikaja nakala za wizi, flashi, simu, na soko la DVD likaanguka na waliokuwa wanalitegemea. Majina yao yalikuwa hai kabisa siku walipokosa kodi ya nyumba. Kwa hiyo usiulize kama jina litaishi. Uliza liko mikononi mwa nani na linalipwaje. Hapo ndipo tunapoingia kwa tajiri wako.

"Yeye mtaji, mimi jina, nusu kwa nusu" inasikika kama haki tupu. Ina mashimo matatu.

La kwanza: hiyo milioni 30 ni hisa au ni mkopo? Mwambie akuandikie. Kama ni hisa, pesa imeingia kwenye kampuni na ikipotea imepotea kwake pia. Kama imeandikwa kuwa ni mkopo wa mwanahisa kwa kampuni, kampuni inamrudishia yeye milioni 30 kwanza, wakati mwingine na riba, ndipo mgawane kilichobaki. Hapo nusu yako inaanza kuhesabiwa baada ya yeye kutoka salama. Watu wengi husaini karatasi ya aina hii wakidhani wamepata mbia, kumbe wamepata mdai.

La pili ni hilo jina lenyewe. Ukilitoa kama mchango wako wa mtaji, umelitoa. Ni mali ya kampuni. Mkigombana mwaka wa pili, kampuni inabaki na haki ya kuuza lotion yenye jina lako, na wewe ukitaka kutoa hata kanga yenye jina hilo unaweza kujikuta unashtakiwa kwa kutumia jina ulilopewa na mama yako. Usilitoe, likodishe. Sajili jina kama alama ya biashara chini yako wewe binafsi, halafu uipe kampuni leseni ya kulitumia: kwa bidhaa zilizotajwa moja moja, kwa miaka iliyotajwa, kwa malipo ya asilimia ya mauzo. Nimesema mauzo, si faida, kwa sababu faida ni namba inayotegemea nani anaandika gharama, na mwandishi wa gharama hatakuwa wewe. Weka pia kwamba hakuna lebo wala sampuli inayotoka kiwandani bila sahihi yako, na kwamba leseni ikiisha, mzigo uliobaki uuzwe ndani ya muda maalumu kisha basi.

Usichanganye vitu viwili hapa. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakukupi umiliki wa alama. Jina la biashara linasema tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Alama ya biashara husajiliwa pia BRELA, lakini chini ya sheria yake ya mwaka 1986, kwa madaraja: vipodozi na manukato viko daraja la 3, nguo daraja la 25, huduma za duka daraja la 35. Ukisajili nguo peke yake, mlango wa lotion uko wazi kwa mwingine. Ombi hutangazwa na watu hupewa siku 60 za kupinga, na ulinzi wa mwanzo ni miaka 7, baada ya hapo unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Na ni Tanzania Bara tu. Zanzibar ina usajili wake, nenda BPRA, wakala wa usajili wa huko, hasa kama pafyumu yako inalenga visiwani.

La tatu, nusu kwa nusu maana yake hakuna mwenye uamuzi. Mkitofautiana juu ya bei, juu ya kiwanda, juu ya nani asimamie akaunti, hakuna kura inayoshinda, na kampuni inasimama mpaka mmoja achoke. Kwa kawaida anayechoka ni yule asiye na pesa nyingine. Andikeni mapema mtu au utaratibu wa kuamua mkikwama, sahihi mbili benki, na bei ya mmoja kumnunua mwenzake. Kama tajiri anaona maswali haya ni kutomwamini, amekujibu.

Ujue pia kuwa kampuni inabadilisha kodi yako. Sasa hivi, ukiwa mtu binafsi na mauzo ya duka yasiyozidi Sh100 milioni kwa mwaka, TRA, mamlaka ya mapato, wanaweza kukukadiria kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo. Kampuni haina njia hiyo: inaandaa hesabu, inatoza na kuwasilisha kodi za wafanyakazi, na inalipa asilimia 30 ya faida. Si sababu ya kuikataa, ila ni gharama ya mhasibu ambayo hakuna aliyeitaja. Mapato yako ya uigizaji nayo yana hesabu yake, usiyafiche chini ya duka.

Kuhusu lotion nitakuwa mkali kidogo. Tangu 2019 usimamizi wa vyakula na vipodozi ulihamia TBS, shirika la viwango, kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Bidhaa inasajiliwa, na jengo la kuitengenezea au kuiuzia linasajiliwa. Muulize mbia wako swali moja: nani anatengeneza, na viambato ni vipi? Kama jibu ni "kuna mtu anachanganya, tunaweka lebo," kimbia. Zebaki na haidrokwinoni ni marufuku kwenye vipodozi nchini, na mchanganyaji wa chumbani anayetaka lotion "ishike haraka" anaweza kuwa ameweka kimojawapo, au steroidi. Mteja akiungua uso hatakumbuka mwenye milioni 30. Atapiga picha shavu lake na kopo lenye jina lako, pamoja.

Hili halichagui hadhi ya mtu. Jessica Alba, mwigizaji wa Marekani, alianzisha na wenzake The Honest Company mwaka 2011, ya bidhaa za watoto na za nyumbani. Mwaka 2016 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kuwa sabuni yao ya kufulia ilipopimwa maabara ilikutwa na kiambato ambacho kampuni ilikuwa ikisema haitumii. Kampuni ilikanusha, lakini uso uliokuwa kwenye habari ulikuwa wake. Kampuni ilivuka, ikauza hisa Nasdaq mwaka 2021, naye akaachia nafasi yake ya uongozi wa ubunifu mwaka 2024. Duka la Sinza si Nasdaq, najua. Nimemtaja kwa mambo mawili: bidhaa zao ziliendelea kuuzwa baada ya yeye kuachia kiti, na mwaka huohuo alionekana tena kwenye filamu. Mlango wa kuigiza hakuufunga kwa kufuli.

Basi uache? Kwa namba ulizonipa, hapana, si sasa. Duka linakupa 450,000 na wewe huishi kwa 450,000. Ukiacha kuigiza leo utaanza kula mzigo: utauza magauni 20, utarudi Kariakoo na pesa ya 12, na baada ya miezi michache rafu zitakuwa wazi. Sharti la tajiri la kuacha kabisa nalo linanishangaza. Anachonunua ni umaarufu, kisha anataka uzime kinachouchochea. Au hajafikiri, au anataka usiwe na kipato kingine siku mtakapoanza kuvutana. Mimi ningelikataa sharti hilo hata kama mengine yote ni mazuri.

Upande wa pili, siku nne kwa wiki lokesheni si mchezo. Unajua mwenyewe, wanakwambia saa mbili asubuhi, mnaanza kushuti saa saba, unarudi usiku. Duka litaachwa kwa dada siku nne, na duka lisilo na hesabu ya mzigo kila jioni huvuja hata dada akiwa mwaminifu. Ongea na mtayarishaji kabla ya kukubali: sini zako zinaweza kubanwa kwenye siku mbili au tatu? Kwa mhusika asiye mkuu mara nyingi inawezekana, kwa mkuu ni ngumu. Soma kama malipo ni kwa kipindi au kwa mwezi, na kama kuna kipengele kinachokuzuia kutangaza bidhaa yako mwenyewe wakati tamthilia inaruka hewani. Vipo, na vinawapita watu kwa sababu viko ukurasa wa mwisho. Ukipata siku tatu, chukua. Pesa ya tamthilia iwe ya kuishi, pesa ya duka ibaki dukani, na dada umwongezee kidogo kwa kila anachouza ili naye awe na sababu ya kufikisha matano kwa siku. Duka likikulipa matumizi yako yote miezi sita mfululizo bila wewe kusimama kaunta wala kuposti kila siku, hapo una haki ya kuchagua.

Mama yako hajakosea, anaogopa usije ukachoka. Mwonyeshe daftari.

Hilo la mtandaoni kwamba umefulia wala usilijibu. Usitangaze pia kwamba umestaafu sanaa. Hakuna anayekudai tangazo hilo, na litakugharimu simu za kazi ambazo huenda utazihitaji.

Yapo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Rasimu ya mkataba ipeleke kwa wakili anayefanya kazi za kampuni au hakimiliki, wako wewe, asiwe yule wa tajiri hata akikwambia "ni wa wote". Ada yake ni ndogo kuliko jina. Mkataba wa tamthilia unaweza kuombea ushauri COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wao ndio wenye masuala ya haki za waigizaji. Kodi, nenda ofisi ya TRA iliyo karibu na duka ukiwa na TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, na daftari la mauzo, viwango hubadilika kwenye sheria ya fedha ya kila mwaka. Na kama umeshasaini chochote, hata karatasi ya ukurasa mmoja, hata ujumbe wa "sawa nimekubali" kwenye simu, usifute. Mpelekee wakili hivyohivyo.

Ila kabla ya yote hayo, leo, ingia kwenye mfumo wa BRELA utafute jina lako. Uangalie kama kuna aliyeshalisajili.